Mgeni Njoo Mwenyeji Apone: Na Meli Iking'oa Nanga?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa uuguzi na utabibu waliokaribia kumaliza masomo yao.)



Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa kawaida maneno haya hutamkwa kwa furaha mlangoni, mgeni anapobisha hodi na kuku akaanza kukimbizwa uani, ili wenyeji nao wapate kitoweo. Lakini ziko bandari katika bara la Afrika ambako msemo huo umetimia neno kwa neno. Mgeni amefika kwa njia ya bahari, amepakwa rangi nyeupe, amefungwa kamba gatini, na tumboni mwake mna vyumba vya upasuaji, wodi, maabara na mashine za kupigia picha za mwili. Wenyeji wamepanda ngazi yake wakiongozwa kwa mkono kwa sababu hawaoni, wakashuka wakiongoza wenzao. Wengine wamepanda wakiwa wamejifunika nyuso kwa vitambaa, wakashuka nyuso zikiwa wazi.

Mazungumzo ya leo yanahusu watu wanaofanya kazi ndani ya meli za namna hiyo: madaktari, wauguzi, wataalamu wa dawa ya usingizi, wa maabara na wa mazoezi ya viungo, ambao huacha kazi zao za mshahara kwa muda na kwenda kuwahudumia watu wasiowajua, katika nchi ambayo pengine hawajapata kuiona. Yafaa yaulizwe maswali mawili. La kwanza, kujitolea huko kuna thamani gani kwa anayetoa na kwa anayepewa? La pili, na hili ndilo zito zaidi: meli iking'oa nanga, gatini hubaki nini?

CHOMBO CHA VITA CHAWA HOSPITALI

Meli ya hospitali si jambo la jana wala juzi. Kwa muda mrefu meli hizo zilikuwa mali ya majeshi, zikifuata mapigano ili kuokota majeruhi. Badiliko kubwa lilianza mwaka 1958, pale Dakta William Walsh wa Marekani, aliyekuwa daktari katika jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili, alipomwomba Rais Eisenhower ampatie meli moja ya hospitali iliyokuwa haitumiki, ili iwatibu raia wa nchi maskini wakati wa amani. Alipewa meli iliyoitwa Consolation, ambayo ilikuwa imewahudumia majeruhi wa vita vya Korea. Ilitengenezwa upya, ikapewa jina la Hope, maana yake Tumaini, na tarehe 22 Septemba, 1960, ikatoka San Francisco kuelekea Indonesia.

Hadi ilipostaafishwa mwaka 1974, meli hiyo ilifanya safari 11. Ilikwenda Vietnam ya Kusini, Peru, Ecuador, Nicaragua, Colombia, Ceylon ambayo sasa ni Sri Lanka, Tunisia, Jamaica na Brazil. Mwaka 1964 ilitia nanga Conakry, mji mkuu wa Guinea, nchi iliyokuwa imepata uhuru wake miaka sita tu kabla ya hapo. Ndani yake mlikuwa na mashine iliyopewa jina la "ng'ombe wa chuma", ambayo ilichanganya maziwa ya unga na maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, ikatoa maziwa ya kuwanywesha watoto.

Madaktari wa Hope walikuja kwa zamu za miezi miwili hivi, bila malipo, kisha wakarudi makwao na wengine wakashika nafasi zao. Jambo la kutia maanani zaidi ni kwamba kazi yao ya kwanza ilikuwa kufundisha. Daktari mgeni alitakiwa afanye kazi bega kwa bega na daktari mwenyeji, na muuguzi mgeni na muuguzi mwenyeji, ili meli itakapoondoka ujuzi ubaki nchi kavu. Hata hivyo haitakuwa haki kuficha upande wa pili. Wakati huo ulikuwa wakati wa vita baridi, na meli nyeupe iliyobeba dawa ilibeba pia sifa ya nchi iliyoituma. Mgonjwa aliyepona hakuwa na haja ya kujua habari hiyo, lakini serikali zilizoipokea zilijua.

Katika miaka hiyo hiyo, kuanzia 1966 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, meli ya Kijerumani iliyoitwa Helgoland, iliyokuwa imejengwa kwa ajili ya abiria, iliwatibu raia wa Vietnam katika bandari za Saigon na Da Nang, huku mabomu yakianguka mbali kidogo na gati.

Mwaka 1978 ndipo Don Stephens na mkewe Deyon walipoanzisha shirika la Mercy Ships, ambalo ni shirika la Kikristo linalotibu wagonjwa wa dini zote. Walinunua meli kuukuu ya abiria ya Kiitalia iliyoitwa Victoria kwa bei ya chuma chakavu, dola milioni moja za Kimarekani, wakaiita Anastasis. Meli hiyo ilifanya kazi mpaka mwaka 2007. Ilifuatwa na Africa Mercy, ambayo hapo awali ilikuwa kivuko cha kubebea mabehewa ya treni huko Denmark. Mwaka 2022 ilianza kazi Global Mercy, iliyojengwa China ikiwa imekusudiwa tangu mwanzo kuwa hospitali ya watu wa kujitolea. Urefu wake ni meta 174, ina vyumba 6 vya upasuaji na vitanda vya wagonjwa vipatavyo 200. Kazi yake ya kwanza ilikuwa Dakar, Senegal, na mwaka 2023 ikaenda Freetown, Sierra Leone.

KWA NINI MELI?

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini fedha hizo zisijenge hospitali ardhini? Swali hilo ni la haki, na jibu lake lina sehemu mbili.

Upasuaji hautaki kisu na mikono ya daktari peke yake. Unataka umeme usiozimika, maji safi, oksijeni, damu, vyombo vilivyochemshwa barabara, dawa ya usingizi na mtu anayejua kuitoa, na muuguzi wa kukesha baadaye. Kimoja kikikosekana, daktari hodari huketi bure. Meli huja na vyote hivyo kwa pamoja: majenereta yake, mitambo yake ya maji, maabara yake na bohari yake. Aidha, miji mingi mikubwa ya Afrika iko pwani, kwa hiyo meli inapofunga gatini huwa imefika karibu na watu wengi kwa mara moja.

Mwaka 2015 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la tiba la Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawakuwa na njia ya kupata upasuaji ulio salama kwa gharama wanayoimudu, na kwamba ulihitajika upasuaji zaidi wapata milioni 143 kila mwaka ili kuokoa maisha na kuzuia ulemavu. Kwa hesabu hiyo, ni dhahiri kwamba meli moja, hata kumi, ni tone katika bahari. Wenye meli wenyewe hawalikatai jambo hilo.

Sehemu ya pili ya jibu ni kwamba meli haifai kwa kila ugonjwa. Hufaa kwa ugonjwa unaoweza kumalizwa kwa kisu, au kwa visu viwili vitatu, kabla ya siku ya kuondoka: mtoto wa jicho, mdomo uliopasuka tangu kuzaliwa, rovu la shingoni, henia, matege ya watoto, fistula ya uzazi, makovu ya moto yaliyokunja mkono au shingo, na uvimbe wa taya. Haifai kwa kisukari wala shinikizo la damu, maradhi yanayotaka mganga yule yule mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Haifai kwa saratani iliyokwisha kuenea. Haifai kwa mama aliyeshikwa na uchungu usiku katika kijiji kilicho mbali na bandari. Huyo anahitaji zahanati, mkunga, barabara na gari la wagonjwa.

UGONJWA ULIO KIPIMO CHA UMASKINI

Uko uvimbe wa taya ambao huanzia katika chembe zinazotengeneza meno. Si saratani, wala haukimbii kwenda viungo vingine. Mahali ambapo daktari wa meno yuko karibu, hugunduliwa ungali mdogo na kuondolewa, na mwenye nao akausahau. Mahali asipokuwapo, huendelea kukua polepole kwa miaka mingi, ukatoa meno nje ya mstari, ukasukuma ulimi, ukawa mkubwa kama embe, kisha kama nazi, hata mgonjwa akashindwa kula na mwishowe kuvuta pumzi. Kwa hiyo anayekufa kwa uvimbe huo huuawa na njaa au kukosa hewa, na nyuma ya vyote viwili na umbali wa hospitali.

Uko pia ugonjwa wa noma. Huanza kama kidonda kidogo cha fizi kwa mtoto mwenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua au malaria. Kwa muda wa siku chache kidonda hicho huweza kula shavu, mdomo na hata mfupa. Watoto wengi wasiotibiwa hufariki. Anayepona hubaki na tundu usoni, na pengine taya lililokaza asiweze kufungua kinywa. Dawa za kawaida, chakula bora na usafi wa kinywa vingalitosha kuuzuia mwanzoni. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa huo katika orodha yake ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Tayari vizazi vya watoto vilikuwa vimezikwa.

Hali kadhalika fistula. Msichana hukaa na uchungu siku mbili tatu bila msaada, mtoto hufa tumboni, na kichwa chake kilichobana hukata damu ya nyama za mama mpaka zikaoza na kuacha tundu. Tangu siku hiyo mkojo humtoka bila kukoma. Mume humwacha, majirani humkwepa, naye hujitenga. Katika wodi za Mercy Ships, mwanamke wa namna hii akipona hupewa nguo mpya, na siku ya kuondoka huimbiwa na kuchezewa ngoma na wauguzi na wagonjwa wenzake. Asiyejua anaweza kudhani ni sherehe tu, lakini kwa mwanamke aliyekaa miaka mingi bila kualikwa mahali popote, siku hiyo ni siku ya kurudishwa kundini.

MHUDUMU NDANI YA MELI

Sasa yafaa atazamwe mhudumu mwenyewe. Katika meli za Mercy Ships, anayejitolea halipwi mshahara. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi alilipia chakula na malazi yake mwenyewe kila mwezi, na nauli ya kufika bandarini. Sharti hilo lilikuwa la daktari mpasuaji, na la mpishi na fundi wa mitambo vilevile. Wengi walikusanya fedha hizo kutoka kwa jamaa, rafiki na waumini wenzao kabla ya kuondoka nyumbani. Madaktari wengine hukaa wiki mbili au tatu, wauguzi wengi hukaa miezi, na wachache hukaa miaka. Dakta Gary Parker, Mmarekani aliye bingwa wa upasuaji wa taya na uso, alifika katika miaka ya 1980 kwa nia ya kukaa miezi michache tu. Alikaa zaidi ya miaka 30, akakutana na mkewe huko huko melini na kulea watoto wake humo.

Kazi yenyewe haina anasa. Muuguzi mgeni hulala katika chumba chembamba pamoja na wenzake, huingia zamu ya mchana na zamu ya usiku, na hukuta wodini vitanda vilivyokaribiana, mgonjwa juu ya kitanda na jamaa yake akilala chini yake. Lugha hazifanani. Daktari huuliza kwa Kiingereza au Kifaransa, naye mgonjwa hujibu kwa lugha ya kijijini kwake. Katikati yao husimama kijana wa nchi ile ile aliyeajiriwa kuwa mkalimani. Huyo ndiye anayemwambia mama kwamba mtoto wake hatakula kitu asubuhi hiyo, na ndiye anayeshika mkono wa mzee wakati wa kuingizwa chumba cha upasuaji. Habari nyingi za meli hizi huwataja madaktari, huwasahau wakalimani. Bila wao, daktari bingwa angekuwa bubu.

Upasuaji wa uvimbe mkubwa wa taya huonyesha vizuri jinsi kazi hii inavyotaka ushirikiano. Mgonjwa hawezi kulazwa chali akapewa usingizi kama kawaida, kwa maana uvimbe ungemziba pumzi. Hulazimika kukaa macho wakati mtaalamu wa dawa ya usingizi akimpitishia bomba la hewa puani, akiongozwa na kamera nyembamba kama uzi mnene. Njia ya hewa ikiwa salama, ndipo usingizi huja, na ndipo mpasuaji huanza. Taya lililooza kwa uvimbe huondolewa na mahali pake hufungwa bamba la madini ya titani. Baadaye mfupa huchukuliwa nyongani mwa mgonjwa mwenyewe na kupandikizwa. Shughuli hiyo huweza kuchukua saa nyingi na kutaka damu nyingi.

Na damu hiyo hutoka wapi? Hapa ndipo neno kujitolea hupata uzito wake. Melini damu haitoki katika majokofu peke yake. Wafanyakazi wenyewe hupimwa na kuandikwa makundi yao, na inapohitajika huitwa. Huja muuguzi aliyemaliza zamu, huja baharia, huja mwalimu wa watoto wa wafanyakazi, akaketi, akatoa damu, na chupa ile ikapelekwa ingali na joto. Hivyo yawezekana mpishi kutoka nchi ya mbali akapita wodini asubuhi na sahani mikononi, naye mgonjwa anayepewa uji ana damu yake mishipani. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

SIKU YA KUCHAGUA

Ndugu wanafunzi, wengi hudhani kwamba siku ngumu ya mhudumu huyu ni siku ya upasuaji mrefu. Sivyo. Siku ngumu ni siku ya kuchagua wagonjwa.

Habari ya meli hutangazwa redioni, misikitini, makanisani na sokoni. Siku ikifika, watu huwa wamekwisha kujipanga tangu usiku. Wako waliouza mbuzi ili wapate nauli. Wako waliobebwa mgongoni. Muuguzi husimama mbele ya mstari huo akijua hesabu ya vitanda, hesabu ya siku zilizobaki na aina ya madaktari watakaokuja. Kwa mmoja husema ndiyo, akampa kadi. Kwa mwingine, mwenye uvimbe uliokwisha kuingia mahali pasipofikika, au mwenye mtoto aliyezaliwa na akili iliyodumaa, hulazimika kusema hapana. Hapana hiyo husemwa kwa upole, mtu akiwa ameketishwa na kupewa muda, na pengine akafuatiwa nyumbani na wahudumu wa kumtuliza maumivu. Lakini ni hapana.

Tumaini likizidi na njia ikawa nyembamba, hatari huzaliwa. Mwezi Machi 2011 mjini Freetown, umati uliokuja kuchaguliwa ulisukuma lango, watu wakakanyagana, mtu mmoja akapoteza maisha na wengine wakaumia. Watu hao hawakuwa wahuni. Walikuwa wagonjwa na jamaa za wagonjwa, walioogopa kwamba lango likifungwa halitafunguliwa tena maishani mwao. Katika miaka ya baadaye imekuwa kawaida zaidi kuwafuata wagonjwa mikoani na kuwapima huko huko kabla ya meli kufika, ili mtu asafiri akiwa tayari ana jibu. Funzo ni kwamba moyo mwema peke yake hautoshi. Msaada usiopangwa vizuri huweza kumwumiza yule yule uliyemkusudia.

MELI ISIPOWEZA KUJA

Liko funzo kubwa kuliko hilo. Mwaka 2014 Africa Mercy ilitazamiwa kwenda Benin. Ugonjwa wa Ebola ulikuwa unazichoma Guinea, Liberia na Sierra Leone, nchi ambazo meli hizi zilikuwa zimezihudumia mara nyingi. Meli yenye wodi za karibu karibu na mamia ya wafanyakazi chini ya paa moja haiwezi kuukaribia ugonjwa wa namna hiyo, kwa hiyo ilipelekwa Madagaska, upande wa pili wa bara. Uamuzi huo ulikuwa na busara. Mwezi Machi 2020 hali ilikuwa hiyo hiyo: korona ilipoingia, meli iliyokuwa Dakar ilisimamisha kazi yake kabla ya wakati na kuondoka.

Lakini nani alibaki? Mwaka 2014 mjini Kenema, Sierra Leone, alibaki Dakta Sheik Umar Khan, bingwa wa homa za virusi, pamoja na wauguzi wake. Wauguzi wake kadhaa walifariki mmoja baada ya mwingine, naye akawafuata mwezi Julai mwaka huo. Katika nchi zile tatu wahudumu wa afya zaidi ya 500 walipoteza maisha kwa Ebola. Hao hawakuwa na nanga ya kung'oa. Hospitali yao ilikuwa imejengwa juu ya ardhi ile ile waliyozaliwa, nao hawakuondoka.

Maneno haya hayasemwi ili kuwabeza waliojitolea melini. Aliyeacha mshahara wake akaja kumfungua macho bibi wa Cotonou au Toamasina hastahili kubezwa na mtu yeyote, hasa mtu ambaye hajatoa hata siku moja ya likizo yake. Yanasemwa ili kila jambo liwekwe mahali pake. Meli ni mgeni. Mgeni huleta neema, lakini ukuta wa nyumba husimamishwa na mwenyeji.

MGENI MPE JEMBE

Wahenga hao hao waliongeza: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mgeni huyu ni kufundisha. Kwa kipimo hicho meli hizi zinaweza kupimwa bila chuki wala upendeleo. Je, daktari mwenyeji alikuwa chumbani, akishika kisu, au alikuwa nje akisoma habari gazetini? Je, mashine iliyoachwa ina fundi wa kuitengeneza? Je, mgonjwa aliyewekewa bamba la titani ana pa kwenda likilegea baada ya miezi minane? Je, picha ya uso wake ilipigwa kwa hiari yake, akijua itakwenda wapi, au alikubali kwa sababu aliogopa kunyimwa matibabu?

Mfano mmoja mzuri ni wa Madagaska mwaka 2015, ambako watu wa Mercy Ships walikwenda mikoani kuwafundisha wafanyakazi wa hospitali kutumia orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Orodha hiyo ni karatasi moja. Kabla ya kukata, wote chumbani husimama na kuulizana: mgonjwa ni huyu? mahali pa kupasua ni hapa? dawa ya kuzuia vidudu imetolewa? Na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani: vitambaa na sindano vimehesabiwa? Karatasi hiyo haihitaji bandari. Meli iliondoka, karatasi zikabaki ukutani na mazoea yake mikononi mwa watu. Pengine kazi ya namna hii, isiyo na picha za kusisimua, ndiyo yenye umri mrefu kuliko zote.

TANZANIA NA MAFUNZO YAKE

Tanzania si mgeni wa mambo haya. Meli ya hospitali ya jeshi la majini la China, iitwayo Safina ya Amani, ilitia nanga Dar es Salaam mwaka 2010, ikarudi mwaka 2017 na tena mwaka 2024, na wananchi wengi walipanga mstari kutibiwa. Wahudumu wake ni askari walio kazini, si watu wa kujitolea, lakini kwa mgonjwa tofauti hiyo ni ndogo. Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba msaada wa tiba wa China uliozama zaidi si wa meli. Ni wa vikundi vya madaktari vilivyoanza kufika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, wakakaa miaka, wakajifunza Kiswahili cha wodini na kufanya kazi ndani ya hospitali za wenyeji.

Katika Ziwa Victoria, katika miaka ya 2010, kilianza kazi chombo cha tiba kiitwacho Jubilee Hope, kilichogeuzwa kutoka chombo cha zamani cha jeshi la majini la Uingereza. Hakikungoja wagonjwa gatini mjini. Kilikwenda visiwani, kwenye kambi za wavuvi, ambako mtu mwenye malaria au mama mjamzito hulazimika kuuombea upepo utulie ndipo apande mtumbwi kwenda hospitali. Humo waganga na wauguzi wa Kitanzania wamefanya kazi pamoja na watu wa kujitolea kutoka nje. Mpango wa namna hiyo una akili, kwa maana mwenyeji yumo ndani ya chombo tangu siku ya kwanza.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitahadharisha kwamba misaada ya nje haiwezi kuwa msingi wa maendeleo ya nchi. Halikusema mgeni mwema afukuzwe. Lilisema nyumba isijengwe juu ya mgongo wa mgeni. Katika tiba, maneno hayo yamethibitishwa na Ebola na korona kuliko hotuba yoyote.

Ndugu wanafunzi, bila shaka wamo miongoni mwenu watakaotamani kupanda ngazi ya meli hizo, nao wasizuiwe. Wajue tu kwamba meli haitaki moyo peke yake. Inataka cheti halali, uzoefu wa wodi baada ya masomo, na uwezo wa kufanya kazi chini ya utaratibu wa watu wa mataifa mengi. Atakayekwenda aende akiwa fundi, arudi akiwa fundi zaidi, na alichojifunza akifundishe Sumbawanga au Newala.

Lakini yuko na mwingine, ambaye jina lake halitaandikwa katika gazeti lolote. Huyo atapangiwa zahanati ya kisiwani au ya mwisho wa barabara, na ataikubali barua yake ya kazi bila kutafuta mjomba wa kuibadilisha. Siku moja atamtazama mtoto kinywani, ataona kidonda kidogo cha fizi, atampa dawa na kumwonyesha mama namna ya kumlisha. Siku nyingine ataona msichana ambaye uchungu wake umevuka muda, na ataita gari kabla jua halijachwa. Mtoto yule hatapanda meli yoyote akiwa amejifunika uso, na msichana yule hatahitaji kuimbiwa siku ya kurudishwa kundini, kwa kuwa hatakuwa ametengwa kamwe.

Meli nyeupe zikija, zipokewe kwa heshima. Zikiondoka, zipungiwe mkono kwa shukrani. Na jioni ile ile, taa zake zikitoweka baharini, mlango wa zahanati uwe wazi, na ndani yake awemo mtu.